Mtoto hali? Weka kijiko chini kwanza

Kama una mtoto wa miaka mitatu minne na kila jioni unamzungukia uwani na bakuli mkononi, "haya fungua mdomo, ndege hiyooo inakuja", yeye anakimbilia nyuma ya pipa la maji, we nyuma yake, wali ushapoa na mchuzi umeganda, basi karibu kwenye chama. Mi nilikua mwenyekiti. Mwanangu wa kwanza nilimlisha hivyo karibu miaka miwili, katuni kwenye simu, kijiko mkono wa kulia, kafimbo ka kutishia pembeni, na bado alikua anaficha tonge shavuni kama wale panya buku wa chuo cha kilimo SUA, Morogoro, wanaonusa mabomu ya ardhini, unakuja kumwogesha saa mbili usiku unakuta nyama ya mchana bado imo. Ya mchana jamani.

Wa pili tukaenda tofauti. Sio kwamba yeye alizaliwa mlaji, wala, huyu ndo mbishi kuliko kaka yake, kuna kipindi alikua anakula vitu vinne tu duniani, wali mweupe, chipsi, ndizi mbivu na chapati, tena chapati isiwe imegusana na mchuzi. Ila safari hii niliyebadilika ni mimi. Naandika nilivyofanya na kwa nini, maana tukikaa pale nje ya chekechea kusubiri watoto stori ni hiyo hiyo kila siku, "wangu hali kabisa, sijui nimpe dawa gani."

Kwanza ujue kwa nini ameacha kula ghafla

Chukua kadi ya kliniki uangalie vizuri. Mtoto anazaliwa na kilo 3 hivi, akitimiza mwaka ana 9 au 10, yani kajizidisha mara tatu ndani ya miezi 12. Sasa piga hesabu, angeendelea na mwendo ule, akitimiza miaka miwili angekua na kilo 30, mzito kama mwanafunzi wa darasa la nne. Haiwezekani. Kwaiyo mwili unapunguza kasi, kuanzia miaka miwili mpaka mitano anaongeza kama kilo 2 tu kwa mwaka mzima. Ukijenga nyumba ikishapanda lenta fundi haagizi tena matofali ya lori zima, ndo ivo ivo. Mtoto aliyekua anamaliza bakuli la uji akiwa na miezi kumi anaweza kuwa na miaka mitatu akala vijiko vitano na akatosheka kweli, hakudanganyi.

Kingine ni uoga. Kati ya miaka miwili na sita watoto wengi wanaanza kuogopa chakula wasichokijua, hata kile walichokua wanakila wakiwa wadogo. Ukifikiria ina maana yake, kitoto kimeshajua kutembea, kinaingia vichakani peke yake, kingekua kinaweka kila kitu mdomoni si kingekula majani ya sumu. Mungu kampa breki. Tatizo hiyo breki haitofautishi jani la sumu na matembele ya nazi.

Kwaiyo hajadekezwa na wala hana kiburi. Nalisema hili sababu mi nilishawahi kumchapa wa kwanza kisa dagaa, mpaka leo nikikumbuka naumia.

Ila hakikisha haumwi

Hapa usiruke. Kabla hujaanza ratiba yoyote mpime uzito kliniki, angalia mstari wake kwenye kadi, kama unapanda hata pole pole basi una nafasi ya kufanya haya ninayosema. Mstari ukiwa umelala miezi kadhaa au umeshuka, nenda kwa nesi au dokta, huyo anahitaji mpango wake mwingine. Pale kliniki kuna ule utepe wanaopimia mkono wa juu kwa watoto wa miezi 6 mpaka miaka 5, ukisoma chini ya sentimita 12.5 ni njano, chini ya 11.5 ni nyekundu, na nyekundu hamna kusubiri kesho.

Mwangalie na mdomoni. Vidonda, fangasi, magego yanayoota, tonsi, mtoto koo linamuuma anakataa ugali we unasema ana jeuri. Choo kigumu nacho kinaua hamu ya kula kabisa, mtoto ambaye hajaenda siku nne tumbo limejaa, chakula kiingie wapi. Minyoo pia, na huku Tanzania bara dawa ya minyoo na matone ya vitamini A vinatolewa mwezi Juni na Desemba kwa walio chini ya miaka mitano, walio Kenya ile Malezi Bora huwa Mei na Novemba, usiikose. Halafu kama anakula udongo, mkaa, chaki, au viganja vimepauka, mwambie dokta, upungufu wa damu unafanya mtoto asiwe na hamu ya chakula halafu akiwa hali damu inazidi kupungua, inakua mduara.

Na kama kila chakula chenye vipande kinamtapisha, anapaliwa mara kwa mara, anazidi kupunguza vyakula badala ya kuongeza, au pamoja na kutokula kuna mengine kama kuchelewa kuongea, usikubali mtu akwambie "atakua tu". Kapime.

Dawa za kuongeza hamu ya kula sasa. Najua kila duka la dawa zipo, na kuna jirani atakupa jina kabisa. Nyingi zina kitu kinaitwa cyproheptadine ambacho asili yake ni dawa ya aleji, inamfanya mtoto asinzie, na ukiacha kumpa hamu inarudi pale pale ilipokua. Bila dokta usinunue. Me nilinunua, chupa mbili, nilichopata ni mtoto aliyelala kwenye kochi saa nne asubuhi.

Andika kila kinachoingia mdomoni, siku moja tu

Hii ndo ilinifumbua macho kuliko kitu chochote. Nilichukua daftari nikamwambia dada wa kazi, leo andika kila kitu, hata pipi, hata juisi ya kuonja. Jioni nikasoma. Saa moja chai ya maziwa na andazi. Saa mbili na nusu kikombe cha uji. Saa nne biskuti za dukani kwa Mangi. Saa tano juisi ya boksi. Saa sita kasoro, bibi kampa ndizi mbivu na "kakorosho kidogo". Saa saba, "amekataa wali maharage". Saa nane maziwa, sababu hajala. Saa tisa kalala. Saa kumi na moja uji tena. Saa mbili usiku "amekataa ugali".

Sasa jamani, nani angekula huo wali?

Mtoto alikua ameshiba. Alikua na shibe ya sukari na maziwa masaa yote, hajawahi hata siku moja kukaa mezani akiwa na njaa yenyewe. Na mimi nikimwona hajala wali nampa maziwa, yeye kashajifunza kwamba wali ukikataliwa maziwa yanakuja. Nilimfundisha mwenyewe.

Kwaiyo kitu cha kwanza kubadilisha ni masaa, chakula chenyewe baadaye. Milo mitatu na vitafunwa mara mbili, katikati yake ni maji ya kunywa basi. Kwetu ilikaa hivi: saa moja asubuhi, saa nne, saa saba mchana, saa kumi, saa moja jioni. Kati ya mlo na mlo yapite kama masaa mawili na nusu au matatu. Kitafunwa ni chakula, kiazi kitamu, ndizi, yai la kuchemsha, parachichi, mtindi, kipande cha muhogo, na akila anakaa chini, hatembei nacho mkononi kutwa nzima. Maziwa ni mazuri ila mtoto wa umri huu nusu lita kwa siku inamtosha, yakizidi sana yanajaza tumbo na yanachangia kupungua damu sababu maziwa hayana madini ya chuma ya maana. Na chai ya rangi uitoe karibu na chakula, inazuia mwili kuchukua madini ya chuma ya kwenye maharage na mboga za majani. Badala yake kamulia ndimu kwenye mchicha au mpe papai au chungwa baada ya kula, hapo unasaidia.

Uji nitauongelea kidogo sababu najua nagusa pabaya. Uji wa lishe sio mbaya. Ila kuna watoto wana miaka minne wanaishi kwa uji, unga una mahindi, mtama, ulezi, soya, karanga, mchele, na kila jamaa wa sokoni anakuongezea kitu chake, halafu unanywewa kwa kikombe au chupa yenye chuchu. Mtoto wa hivyo meno yote anayo na hajui kutafuna. Kutafuna ni kazi ya kujifunza. Uufanye mzito, uliwe kwa kijiko, uwe mlo mmoja unaojulikana saa yake, usiwe dawa ya kila aliyekataa chakula. Na chupa ile, jamani, itoke, meno yanaoza.

Bibi na dada na Mangi

Ratiba inafia hapa. We uko kazini, nyumbani kuna watu watatu wanaompenda mtoto na kila mmoja ana mfuko wake. Dada ni rahisi, kaa nae mwelekeze kwa nini, sio kumpa amri tu, na umwambie kabisa kwamba mtoto asipokula hamlaumu. Hilo ni muhimu, maana dada anayeogopa kugombezwa ndo anayemkaba mtoto pua. Mangi nilimwambia kistaarabu, "huyu akija na hela mpe mkate au yai, pipi hapana", akacheka ila alinisaidia.

Mama mkwe ndo kulikua na kazi. "Mwanangu, mtoto wa watu anakonda, we unamnyima biskuti?" Huwezi kumjibu mama mkwe kwa kumwonyesha daftari, utaonekana umeenda shule kuja kumdharau. Nilichofanya nilimwomba kitu. Nikamwambia mama, naomba saa kumi iwe ya kwako, we ndo umpe kitafunwa na mjukuu wako, ila kiwe kile ulichokua unawapa wanao, wale waliokua hawasumbui. Wiki hiyo hiyo akaanza kuchemsha magimbi na kumsimulia. Biskuti zikajifia zenyewe.

Kazi yako na kazi yake

Kuna mama mmoja wa Marekani, mtaalamu wa lishe anaitwa Ellyn Satter, tangu miaka ya 1980 anafundisha huu mgawanyo wa kazi na mimi sijaona unaoushinda. Mzazi anaamua kinaliwa nini, saa ngapi, na wapi. Mtoto anaamua anakula kiasi gani, na kama anakula au hali. Basi. Ugomvi wote wa mezani unatokea pale mmoja anapoingilia kazi ya mwenzie, mtoto anapopanga menyu, au mama anapotaka kuendesha tumbo la mtu mwingine.

Kwa nyumba zetu inakuaje? Umepika ugali, dagaa, matembele. Unajua dagaa hagusi. Sawa, ugali anakula. Unaweka vyote, na kila mlo uhakikishe kuna angalau kitu kimoja anachokijua, kama hakuna ongeza hata kipande cha ndizi au parachichi. Unampakulia kidogo sana, kipimo cha kuanzia ni kijiko kimoja cha kulia chakula kwa kila mwaka wa umri, yani wa miaka mitatu vijiko vitatu vya wali, vitatu vya maharage, akitaka zaidi anaongezwa. Sahani iliyojaa inamkatisha tamaa kabla hajaanza, hata we ukipewa sinia la watu wanane peke yako utashiba kwa macho.

Kisha unakaa na wewe unakula. Unapiga stori za vingine. Humwambii "kula", humwambii "kijiko kimoja tu kwa ajili ya mama", humhesabii matonge. Mwanzo nilikua nang'ata ulimi kabisa. Dakika 20 mpaka 30 zikiisha, unauliza umeshiba, akisema ndio sahani inaondoka, bila kununa, bila "shauri yako". Chakula kinachofuata ni saa yake. Akirudi baada ya dakika kumi analia njaa unamwambia kwa upole, saa kumi tunakula kiazi mwanangu, maji haya hapa. Na hupiki menyu ya pili. Hapa si kwa mama ntilie kwamba kila mtu anaagiza cha kwake.

Rushwa pia acha. "Ukimaliza mchicha nakupa pipi" inaonekana inafanya kazi siku ile, ila sikiliza unachomfundisha, kwamba mchicha ni adhabu na pipi ndo tuzo. Hata kushangilia kupita kiasi, makofi, vigelegele kisa kala karoti, wengine kinawapa presha, wangu wa pili alikua akishangiliwa tu anatema.

Sisi watu wa Pwani tuna kitu kizuri ambacho tunakitupa, sinia. Mtoto anayekula peke yake kwenye kistuli mbele ya TV hana wa kumwiga. Mweke kwenye mkeka na wenzie, mikono saba inaingia kwenye sinia moja, anaona binamu yake anachota kisamvu bila shida, ushindani kidogo, ataonja tu siku moja. Ndo maana ukimpeleka likizo kwa shangazi unarudi unaambiwa "mbona huyu anakula vizuri tu?" unabaki umeduwaa. Kama nyumbani mko wawili watatu basi kuleni pamoja hao hao, hata mlo mmoja kwa siku. Baba naye akae, na asije kusema "mi bamia sili" mbele ya mtoto. Asiile kimya kimya.

Simu inazimwa. Najua ndo mkombozi wa wengi. Ila mtoto anayelishwa na katuni anameza bila kujua anameza nini, hajui ladha, hajui ameshiba saa ngapi, na siku bando likiisha hali. Kwanza shirika la afya duniani, WHO, wanasema watoto wa miaka 2 mpaka 4 skrini isizidi saa moja kwa siku, sasa milo mitatu ya nusu saa si umeshamaliza na kupitiliza? Sisi tuliitoa siku moja tu, Jumamosi. Siku tatu za kelele. Ya nne akauliza "hiki nini?" akionyesha bilinganya, nikajua kumbe alikua hajawahi kuiona ingawa ameshaila mara nyingi.

Chakula kipya kinaletwaje

Wazazi wengi tunampa mtoto kitu mara mbili, tatu, akikataa tunahitimisha, "huyu samaki hali". Ni mapema mno. Waliowafatilia watoto kwenye hili wanataja mara 8 mpaka 15 ndo kitu kipya kinaanza kuzoeleka, na wabishi wanaenda zaidi ya hapo. Na mara moja haimaanishi bakuli. Kipande kama ukucha, pembeni ya sahani, kinatosha. Akikiangalia tu bila kulia, hiyo imehesabika. Akikishika, akinusa, akiramba, akiuma na kutema, zote ni hatua, na kutema kwetu ni ruksa, kuna kisahani cha kutemea. Mtoto akijua ana njia ya kutokea anathubutu kuingia.

Nilikua nabandika karatasi kwenye friji naweka alama kila nikikileta kitu. Mchicha ilikua mara ya tisa. Samaki wa kuchemsha nilifika kumi na nne nikaachana nae, nikajaribu wa kukaanga aliyekauka, mara ya tatu kala. Maana mara nyingi anachokataa sio chakula, ni jinsi kilivyo mdomoni, utelezi, mabonge, harufu. Dagaa wa mchuzi hapana, dagaa wakavu wa kukaanga na ndimu ndio, anatafuna kama krispi. Maharage mazima hapana, yaliyopondwa na nazi yakawekwa ndani ya chapati ndio. Boga la kuchemsha hapana, la nazi na iliki ndio, nani angekataa. Kisamvu cha karanga kilichotwangwa laini kinaliwa na watoto wanaokimbia majani yanayoonekana ni majani. Anza na anachokipenda halafu usogee hatua moja moja: anapenda chipsi, mletee kiazi kitamu kilichokatwa vile vile na kukaangwa, kisha cha kuoka, kisha cha kuchemsha.

Kuficha mboga ndani ya mchuzi kwa blenda sio dhambi, karoti na majani ya mchicha vikasagwa humo, vitamini vinaingia. Ila usiishie hapo maana mtoto hajifunzi kula mchicha asioujua upo, na siku akikugundua ataanza kuukagua hata wali. Ficha kwenye mchuzi, na kipande kinachoonekana kikae pembeni.

Muingize jikoni. Wa miaka mitatu anaweza kuchambua mchicha (pole pole, na nusu unaanguka chini), kuosha nyanya, kupukuchua mahindi, kumenya yai, kukanda kadonge kake ka chapati. Mtu hakatai kirahisi kitu alichokitengeneza. Kama una hata ndoo mbovu jaza udongo na samadi mpande mchicha, unachumwa ndani ya wiki tatu nne hivi, muda ambao mtoto anaweza kuusubiri bila kusahau. Wangu alikua anaumwagilia kila asubuhi mpaka unazama. Alipouchuma alikula mbichi, jani moja, akakunja sura, akaenda kumtangazia kila mtu mtaani.

Sokoni pia, mpe hela achague yeye kati ya viwili, "tuchukue bamia au biringanya?" Usimuulize "unataka kula nini?" maana unajua jibu, chipsi.

Tahadhari moja hapa, karanga nzima, korosho nzima, pipi ngumu, zabibu nzima, soseji zilizokatwa vipande vya duara, hivi vinakaba koo, kwa walio chini ya miaka minne mitano karanga zisagwe, zabibu na soseji zikatwe kwa urefu, na mtoto akile amekaa, asicheke akikimbia. Bibi na korosho zake nilimwambia hivyo pia, hiyo alinielewa mara moja.

Hotpoti la chekechea

Fupi tu. Weka kidogo na vitu viwili vitatu, kimoja kiwe anachokijua, vikatwe vya kushika kwa mkono sababu mwalimu mmoja ana watoto ishirini na kitu hawezi kumlisha wa kwako. Kitu kipya usikijaribishie shule. Juisi ya boksi badilisha na maji. Na muulize mwalimu anakulaje, sio amekula kiasi gani, kuna mama aliambiwa mwanae anakula makande ya shule sahani nzima wakati nyumbani anasema maharage yana macho.

Wiki ya kwanza ni mbaya

Nisikudanganye. Siku ya kwanza wangu alilala na vijiko viwili vya wali mweupe. Sikulala. Nilienda kumgusa tumbo saa saba usiku, nikasimama jikoni nimeshika pakiti ya maziwa, mume wangu akaja akanichukua akanirudisha kitandani. Siku ya pili hivyo hivyo na makelele. Siku ya tatu asubuhi kaamka kala mayai mawili na kiazi bila mtu kumwambia neno, na mchana akagoma tena. Ndo walivyo. Usihesabu kwa mlo wala kwa siku, hesabu kwa wiki, kuna siku anakula kama mjenzi na siku anaishi kwa hewa, ukijumlisha Jumatatu mpaka Jumapili unakuta kala vya kutosha. Kama anacheza, anakojoa kawaida, anaenda choo, analala na kadi inapanda, yuko sawa. Akiwa anaumwa, homa, kuharisha, ratiba unaisimamisha, mpe anachoweza mara nyingi kidogo kidogo na vya maji maji kwa wingi, mkirudi kwenye afya mnaendelea mlipoishia.

Kwetu ilichukua kama wiki tatu kelele kuisha na karibu miezi mitano orodha yake kutoka vitu vinne mpaka kama ishirini. Kaka yake naye, yule wa panya buku, alikua na miaka saba wakati huo, sikumwambia chochote, nikaacha tu kumsemesha mezani, siku moja akachota matembele mwenyewe akala, nikajifanya sijaona, nikaenda kulia chooni kidogo.

Chapati inaruhusiwa kugusana na mchuzi sasa hivi. Bamia bado, karatasi ya friji inasema tuko mara ya kumi na moja, jana aliishika akasema ina makamasi, akairudisha kwenye sahani ya baba yake.